Mkeka Uliodanganya Sikio

Siku yangu ya kwanza kwenye uwanja ule wa gofu nilipiga ardhi mara kumi na saba. Mpira niliupiga pia, lakini kila mara baada ya ardhi, nao ukaondoka kwa shingo upande, kama mtu aliyetumwa asikotaka. Mwalimu alisimama kando yangu, mikono nyuma, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Ndugu yangu," akasema mwishowe, "unalima au unacheza? Kama unalima niambie mapema, nikuletee mbegu."

Makedi waliokuwa wameketi kwenye benchi wakiwasubiri wachezaji wawabebee mifuko walicheka hadi wakashikana mabega. Mmoja wao, mwenye mvi nyingi kuliko mimi, akaongeza kwamba kwa mashimo yale familia nzima ingepanda viazi na majirani wakapata.

Nimejifunza mchezo huu vibaya katika nchi kadhaa na kwa lugha kadhaa, na walimu wake karibu wote wana ugonjwa mmoja: wanakuambia mambo kumi kwa mpigo. Kichwa, bega, goti, kiuno, pumzi. Huyu aliniambia moja. Alichota chokaa kwenye kopo, akachora mstari mweupe juu ya udongo mgumu, akaweka mpira juu ya mstari.

"Fimbo iguse mpira kwanza, halafu ardhi. Alama ya fimbo tuione mbele ya mstari, kule mpira unakokwenda. Tukiiona nyuma, umepiga dunia. Dunia haina kosa."

Kwa ajili ya maneno hayo watu wote pale, kuanzia mwenyekiti wa klabu hadi mama wa jikoni, walimwita Mpira Kwanza. Alikuwa na miaka sitini na miwili, mwembamba, miguu imepinda kidogo kwa kubeba mifuko ya watu tangu ujana. Alinifundisha kuegemea mguu wa kushoto kabla fimbo haijashuka, "kama unataka kusikia wanachosema chumba cha pili," na kuacha mikono itangulie mpira. Nyuma ya mpira, umbali wa shubiri moja, aliweka taulo lenye majimaji. Nikiligusa, lilinirushia matope usoni. Siku ya tatu nililigusa mara mbili tu. Siku ya nne nikasikia mpira mmoja ukitoa mlio mfupi, mkavu, kama komeo la mlango mzuri, na viganja vyangu havikuhisi kitu chochote. Benchi la makedi likanyamaza. Ilikuwa sifa kubwa kuliko nilivyostahili.

Lakini kitu kimoja kilinisumbua. Tulikuwa tunafanyia mazoezi nyuma ya nyumba za wafanyakazi, juu ya kipande cha udongo kilichoshindiliwa na miguu ya miaka mingi, kamba za nguo zikipita juu ya vichwa vyetu. Hatua mia moja tu kutoka hapo, chini ya paa zuri, klabu ilikuwa na mikeka sita ya nyasi bandia, ya kijani kibichi, laini kama godoro. Hakuna mwanafunzi wake aliyesimama juu yake.

"Mwalimu, mbona hatuendi kule kivulini?" niliuliza.

"Mkeka ni muongo," akasema, akaanza kukusanya mipira.

Nilidhani ni mzaha mwingine. Haukuwa mzaha. Aliniambia habari hiyo kwa vipande, kwa siku tatu, na vipande vingine nilivipata kwa mke wake, aliyekuwa akinipa chai mlangoni na kuniuliza kama huko ninakotoka hakuna kazi ya maana ya kufanya.

Mpira Kwanza alizaliwa mbali na gofu. Alikuja uwanjani akiwa kijana kutafuta kibarua cha kukata nyasi, akapewa mfuko abebe, na hakuutua kwa miaka ishirini na mitano. Makedi hawakuruhusiwa kucheza ila Jumatatu asubuhi, kwa hiyo siku nyingine alijifunza kwa masikio. Akiwa amegeuka kutafuta mpira uliopotea vichakani, alisikia bwana wake akipiga, na akajua bila kuangalia kama mpira umepigwa kwa katikati ya fimbo, au kwa ncha yake, au kama ardhi imepigwa kwanza. Sikio hilo likawa maarufu. Wanachama walimkalisha kwenye kiti akiupa uwanja mgongo, wakapiga mmoja mmoja, naye akawataja: huyu kapiga nyasi, huyu kapiga kichwa cha mpira, huyu safi. Hakukosea. Walimnunulia soda na kumpigia makofi, na sikio ndilo lililomtoa kwenye ukedi. Akawa kedi wa kwanza pale kuitwa mwalimu.

Binti yake wa pekee alianza kupiga mipira akiwa na miaka tisa, nyuma ya nyumba, kwa fimbo ya chuma iliyokatwa nusu na kufungwa mpira wa baiskeli mshikoni. Hakuna aliyemfundisha. Udongo ule ulimfundisha. Ukiupiga kabla ya mpira, mkono unakufa ganzi hadi kwenye kiwiko, na mtoto hahitaji kuambiwa mara mbili. Alipofika miaka kumi na mitano alikuwa anapiga mpira kwa mlio uleule wa komeo, mara hamsini mfululizo, na wanawake waliokuwa wakianika nguo walikuwa hawageuki tena, wamezoea.

"Alikuwa anapiga vizuri kuliko wewe?" nilimuuliza Mpira Kwanza.

"Kuliko mimi? Ndugu yangu, kuliko wanachama wote. Ila alikuwa anapiga kama kedi."

Hapo ndipo ilipo shida. Kupiga kama kedi ni kupiga kwa haraka, mkono mfupi, mwili wote umelalia mguu wa kushoto tangu mwanzo, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajafukuzwa. Yeye mwenyewe alipiga hivyo maisha yake yote, na maisha yake yote wanachama walimwiga kwa kicheko wakinywa chai. Hakutaka wamcheke binti yake. Kwa hiyo klabu ilipoleta mikeka ile sita, binti akiwa na miaka kumi na minane, Mpira Kwanza aliona mlango umefunguka. Aliomba ruhusa amlete binti alfajiri, kabla wanachama hawajafika. Alimtoa kwenye udongo, akampandisha kwenye mkeka, akambadilisha.

Alimpa mkono mrefu. Akampa utulivu juu ya mguu wa kulia, mzunguko mpana, kama kwenye picha zilizotundikwa ukumbini. Kisha akafanya alichokuwa akifanya siku zote: akaketi kwenye kiti, akampa mgongo, akasikiliza.

"Safi," alisema. "Safi. Safi. Hiyo nayo safi."

Miezi minane. Binti mwenyewe alimwambia mara moja, "Baba, nahisi kama fimbo inateleza kabla ya kufika." Akamjibu, "Mwanangu, hisia zako ni za udongo. Zisahau. Sikio langu limesikia safi."

Mwisho wa miezi hiyo alikuja mwalimu mmoja mwanamke kutoka chuo cha ng'ambo, kuchagua msichana mmoja. Atakayechaguliwa angesomeshwa miaka minne, kusoma na kucheza. Majaribio yalikuwa kwenye uwanja mwingine, mwendo wa saa tatu kwa basi. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo siku iliyotangulia, nyasi zikawa laini. Binti alisimama, akavuta fimbo kwa ule mzunguko mpana wa kwenye picha, akashusha, na fimbo ikazama ardhini vidole vitatu nyuma ya mpira. Kipande cha nyasi kikaruka mbali kuliko mpira wenyewe. Akajaribu tena. Hivyohivyo. Mashimo yote tisa ya mchezo. Yule mwalimu wa ng'ambo aliandika kitu kwenye daftari lake baada ya shimo la tatu, na baada ya la tano hakuandika tena.

Ndani ya basi, wakirudi, Mpira Kwanza alitafuta sababu. Fimbo zilikuwa nzuri. Mafunzo yalikuwa mazuri, aliyasikia kwa sikio lake. Ikabaki sababu moja.

"Uliogopa watu," alimwambia.

Binti alikuwa anatazama nje. "Labda," akasema.

Hakushika fimbo tena. Mwaka uliofuata alikwenda kujifunza kazi ya miwani, kusaga lenzi na kuzikalisha kwenye fremu, na akawa fundi mzuri sana, watu wa mitaa ya mbali wakimfuata.

Miaka mitatu baada ya basi lile, hakimu mmoja, mwanachama wa klabu, alikuja kwa Mpira Kwanza na malalamiko. "Mwalimu, hukumu hii mimi siielewi. Juu ya mkeka mimi ni bingwa. Nikishuka uwanjani ni mkulima. Nani ananionea?" Mpira Kwanza alicheka, akamwambia apige, akageuka na kusikiliza. Safi. Tena. Safi. Kisha, kwa mzaha tu, alinyunyiza chokaa juu ya mkeka, nyuma ya mpira, akamwambia apige mara nyingine. Mlio ukawa uleule wa komeo. Akageuka kutazama. Chokaa ilikuwa imefagiliwa vidole vitatu nyuma ya mpira.

Fimbo ilikuwa inapiga mkeka kwanza, inateleza juu yake kama kwenye sabuni, kisha inaukuta mpira na kuupiga vizuri. Ardhi ya kweli ingeikamata. Mkeka uliisindikiza. Na sikio lililokuwa halijakosea kwa miaka ishirini na mitano halikuwa na namna ya kujua, kwa sababu lilifundishwa na ardhi.

"Nilimwambia hakimu tumbo linaniuma," aliniambia. "Nikaketi pale kwenye kiti changu. Nikahesabu miezi minane ya safi, safi, safi."

"Ukaenda kumwambia binti."

"Siku hiyohiyo. Alikuwa amekuja kututembelea. Nikaingia, nikamkuta amekaa na mama yake, wanacheka. Nikamwambia paa la jikoni linavuja."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake nikapanda, nikaziba paa."

Miaka minane ilipita hivyo. Kitu pekee alichofanya ni kuacha mikeka. Wanachama walinung'unika, wengine wakamhama, lakini kila aliyetaka kufundishwa naye ilibidi ashuke kwenye udongo chini ya kamba za nguo. Sasa binti alikuwa anahama. Alikuwa amepata chumba cha duka lake mwenyewe katika mji wa mbali, na angeondoka Jumamosi. Tulikuwa Jumatano.

"Mwambie," nilisema.

"Wewe unayesafiri unadhani maneno ni mizigo, mtu anafika anashusha tu."

Yapo niliyotembea nayo nchi nyingi bila kuyashusha. Siku ya Alhamisi, kabla ya saa sita, alikuja kunigongea mlango akiwa amevaa shati la kola. "Nisindikize mjini," akasema. "Nikiwa na mgeni siwezi kugeuka njiani."

Duka la miwani alikokuwa ameajiriwa binti lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele kioo na fremu zimepangwa, nyuma meza ya kazi yenye mashine ya kusagia, maji yakidondoka juu ya jiwe linalozunguka. Binti alikuwa na koti jeupe, mikono yake imelowa hadi kwenye vifundo. Alitusalimia kwa heshima, akatuvutia viti, akarudi kwenye lenzi yake. Alikuwa anaisaga kidogo, anaifuta, anapitisha kidole gumba pembeni yake kwa macho yaliyofumbwa.

Mpira Kwanza alianza na foleni ya barabarani. Kisha akaeleza afya ya mama yake. Kisha akasema mabati ya siku hizi ni mepesi mno.

"Baba," binti akasema bila kuinua uso, "umevaa shati la harusi, umemleta mgeni wa watu, ili uniambie habari za mabati?"

Alitoa kofia. Akasema yote kwa mara moja, vibaya, akirudi nyuma: hakimu, chokaa, vidole vitatu, kiti, mgongo, miezi minane. "Hukuogopa," alimalizia. "Mimi ndiye niliyekuharibia mkono. Mkeka ulinidanganya, na mimi nikakudanganya wewe."

Binti alizima mashine. Jiwe liliendelea kuzunguka peke yake kwa muda, likasimama.

"Nilijua," akasema.

"Lini?"

"Kesho yake baada ya majaribio. Ulipokwenda kazini nilichukua ile fimbo fupi, nikaenda nyuma ya nyumba. Mipira minne ya kwanza nilipiga udongo, mkono ukaniuma hadi machozi. Wa tano ukatoka safi. Nikapiga thelathini. Nikajua ni mkeka. Mwoga haponi kwa mipira minne, baba."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia kabla. Nilikwambia inateleza."

Mpira Kwanza aliangalia kofia mikononi mwake.

"Mkeka ningeusamehe siku ileile," binti akaendelea, na sauti yake haikupanda. "Kosa la mkeka ni la ufundi. Mimi mwenyewe nimewahi kumpa mtu lenzi ya kulia kwenye jicho la kushoto, akagonga ukuta. Lakini wewe ulimwambia kila mtu. Ulimwambia mama. Ulimwambia shangazi. Kwenye harusi ya kaka, mbele ya wakwe, ulisema, 'Binti yangu ana mkono, hana moyo.' Watu wakacheka kwa huruma. Miaka kumi na mmoja watu wananipa pole kwa ugonjwa nisiokuwa nao. Nikiomba kazi, usiogope. Nikienda kujifungua, usiogope. Hata hili duka jipya ninalokwenda kufungua, mama ameniuliza kama nitaweza kukaa na watu nisiowajua."

"Nitawaambia wote."

"Shangazi amekufa."

"Nitawaambia waliobaki."

"Anza na mama. Leo." Akawasha mashine. Tulipofika mlangoni akaita, "Baba. Mwambie na la paa. Alishangaa sana siku ile, paa lilikuwa halivuji."

Mke wake alikuwa anapiga pasi uani. Alimsikiliza hadi mwisho, pasi mkononi, kisha akaisimamisha pembeni kwa uangalifu kama inaweza kuvunjika.

"Kwa hiyo mimi," akasema, "kila alipotoka mlango huu nikamwambia usiogope, nilikuwa namchoma."

Alirudi kwenye shati alilokuwa akinyoosha, akalinyoosha mara ya pili, na ya tatu.

Ijumaa na Jumamosi Mpira Kwanza alizunguka kuwaambia watu. Nilimfuata sehemu fulani, na sijawahi kuona kazi ngumu kama ile. Uongo ulikuwa umeenea wenyewe, kwa raha. Ukweli ulibidi ubebwe nyumba kwa nyumba. Makedi wa zamani walimtazama. "Binti yupi?" mmoja akauliza. Mwingine akabisha kabisa: "Hapana, aliogopa, maskini. Wewe mwenyewe si ndiye uliyetuambia?" Shemeji yake alicheka, akadhani ni mwanzo wa hadithi ya kuchekesha, akangoja mwisho wake. Hakimu, ambaye sasa amestaafu, akasema kwamba ushahidi ukishaaminiwa muda mrefu namna hiyo, shahidi akiukana, watu humtilia shaka shahidi.

Binti aliondoka Jumamosi mchana. Alimpa baba yake mkono, kisha akamkumbatia, haraka, kama mtu mwenye shughuli nyingi. Hakusema amesamehe wala hakusema hakusamehe.

Jumapili alipiga simu kuwajulisha kwamba amefika. Mpira Kwanza akamtajia watu aliowaambia, mmoja mmoja. Nilisikia sauti ndogo ikitoka kwenye simu: "Haya. Bado nani?"

Wiki yangu ya mwisho alikuja na karatasi isiyo na mistari na kalamu mpya. Alitaka niandike barua, kwa lugha ya yule mwalimu wa chuo cha ng'ambo. Jina la chuo alikuwa nalo kwenye bahasha ya zamani. Jina la mwalimu hakuwa na hakika nalo.

"Mwalimu, ni miaka kumi na mmoja. Huenda hayupo tena. Huenda hamkumbuki."

"Aliandika kwenye daftari. Nilimwona. Liko neno juu ya mwanangu, mahali fulani, katika daftari la mtu."

Niliuliza kama aombe nafasi nyingine, au radhi. Alikataa yote mawili. Binti ana miaka thelathini kasoro, ana duka, ana mtoto, hataki fimbo. Akaniamuru nipunguze salamu. Nikaandika alivyosema, sentensi nne. Kwamba siku fulani, mwaka fulani, mwalimu huyo wa ng'ambo alimwona msichana akipiga ardhi mashimo tisa. Kwamba msichana huyo alikuwa akipiga mpira safi tangu utotoni. Kwamba alifundishwa miezi minane juu ya mkeka, na mwalimu wake hakujua mkeka unaficha nini, na msichana alipomwambia, mwalimu hakumsikia. Kwamba hakuogopa.

"Nimalizie na jina lako?"

Alifikiri. "Weka 'baba yake'. Halafu chini, 'mwalimu wake'. Yote mawili."

Tuliipeleka posta pamoja. Jibu halikuja nilipokuwa pale, na sijui kama lilikuja baadaye. Jumapili ile ya mwisho simu ilipoita, alimwambia binti kwamba barua imekwenda. Binti akauliza imeandikwa nini. Nakala ya Kiswahili alikuwa ameniomba nimwandikie, akaivuta mfukoni, akavaa miwani, akamsomea polepole, kidole kikifuata maneno.

Mkewe alikuwa ameacha kufagia. Kisha sauti ikatoka, na safari hii sikuwa na haja ya kutega sikio, kwa kuwa Mpira Kwanza alikuwa ameshikilia simu mbali kidogo, kama mtu anayeogopa kuidondosha.

"Soma tena pale," binti akasema. "Pale kwamba nilikuambia."